Jumamosi Westi, Jumapili Kanisa, na Hakuna Mtu Amebackslide

Buda, panda matatu yoyote Jumapili asubuhi. Yoyote. Ile nganya ya Umoja yenye Ijumaa usiku ilikuwa inatingisha Jogoo Road na arbantone, mistari za kufanya mathe wa mboga ajifunike leso, Jumapili saa mbili imeokoka. Makanga ameoga. Screen ni Zabron Singers, ile kwaya ya Kahama, Tanzania, na dere anaimba "Mkono wa Bwana" ka ni yeye aliiandika. Ikigonga saa nane mchana, service imeisha. Rhumba imerudi. Reggae imerudi. Jumatatu kumi na moja asubuhi tunaamshwa na zile zetu za kawaida.

Redio hivyo hivyo. Presenter mwenye wiki mzima alikuwa anauliza watu wamelala kwa nani, Jumapili anaongea pole pole na anapiga maombi hewani. TV hivyo hivyo. Kanairo yote hugeuka, na hakuna mtu huuliza dere ako upande gani. Hakuna mtu humwambia makanga achague.

Lakini wacha msee wa bass acheze Westi Jumamosi usiku, halafu Jumapili apande stage ya kanisa na bass ile ile. Weh! Kila aunty ako na vesi. Kamati imeitwa. Mzee wa kanisa mwenye hajawahi jua jina lake, leo anajua mpaka kona alipatikana.

Mi nitasema hivi, na nasema nikiwa nimeokoka, rent yangu ikitoka kwa hii hii kazi. Kanisa ndio ilitufunza muziki. Ilitufunza bure, na Mungu abariki kila mtu alitushikia mic tukiwa watoi. Halafu ikakataa kutulipa. Halafu tukilipwa kwingine, inasema tumepotea. Hiyo hesabu haishiki, na wacha tuiongee hapa base bila kuogopana.

Kwanza ujue watu wa hii kazi ni akina nani. Sahau mastaa kidogo. Staa ni mmoja, nyuma yake kuna mbogi mzima. Msee wa keys. Msee wa drums. Madame wa backup. Msee wa sound mwenye hufika asubuhi kwa show ya usiku na ndiye wa mwisho kukunja waya. Mresh wa makeup. Cameraman. MC wa harusi. Actor wa ile series ya jioni, mtaa mzima wanamjua sura na bado anapanda mat ya soo ka wewe. Uliza hawa watu walianzia wapi. Sunday school. Kwaya. Drama ya Krismasi, umevaa shuka ya mathe kichwani eti wewe ni mchungaji wa Bethlehemu. Shule za muziki za mtoi wa Kayole ziko wapi? Zenye ziko zinaitisha fees ya kuzimisha mzae. Kanisa nayo iko kila corner. Iko na keyboard, iko na drums, iko na crowd kila wiki, na hiyo crowd haikuzomei ukikosa chord. Ukiharibu wanasema amen, unajaribu tena.

Cheki Sauti Sol. Bien, Chimano na Savara walipatana Upper Hill School, wakiimba acapella ya gospel kwa kikundi kilikuwa kinaitwa Voices in the Light. 2005 wakaanza Sauti Sol, Polycarp akaingia na gita, iliyobaki unajua. 2014 wakatoa "Nishike", vifua wazi, stesheni za TV zikakataa kucheza hiyo video, maaunty wakafunga na kuomba. Mwaka uliofuata, wasee wale wale, sauti zile zile, wakatoa album yenye iko na "Kuliko Jana", wakiimba na RedFourth Chorus. Leo ingia harusi yoyote ya Kanairo. Ingia kanisa. Aunty mwenye alikasirikia "Nishike" amefunga macho, mikono juu, machozi inashuka, anaimba "Kuliko Jana". Mi sijamcheka hapo. Hiyo ngoma ni worship, na ilitoka kwa wasee wa secular. Na Nyashinski je? Msee wa Kleptomaniax anapotea miaka, anarudi 2016, anaachilia "Mungu Pekee", na nchi mzima inaimba kuanzia club mpaka mazishi. Hiyo ngoma imeshukuru Mungu kuliko nyimbo mob zenye zimepewa trophy za gospel. Kama uko na ubishi kuja base.

Sasa wazae walitoa wapi hii story ya muziki ya dunia? Iko na historia, na iko deep kuliko wao wenyewe wanajua. Miaka ya 1930, kule Gahini, Rwanda, moto wa uamsho uliwaka, ukavuka Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika. Watu waliungama mbele ya watu. Walirudisha vitu walikuwa wameiba. Waliacha pombe, wakaacha ngoma za usiku, na "Tukutendereza" ikawa wimbo wao kila mahali. Hao wasee walikuwa real, naheshimu. Kuacha ngoma kwao kulikuwa kuacha maisha yenye ilikuwa inawamaliza. Shida ni hawa wa leo, wamerithi list ya vitu za kukataa na ule moto wakauacha Gahini. Sasa wanapima wokovu na jeans. Wanapima na rasta. Drums zilikuwa za shetani, leo drum kit iko kwa stage imejengewa kibanda ya glass. Gita ilikuwa ya walevi, leo pasi mwenyewe anaitisha solo. Kila kitu walikataa, walikuja wakainunua. Wanachelewa tu miaka ishirini na wanaita hiyo kuchelewa utakatifu.

Na ukitaka kumaliza hiyo debate kwa meza ya Krismasi, mwambie uncle hii. Mzae mwenye dunia mzima inamwita baba ya gospel, Thomas Dorsey wa Marekani, alikuwa msee wa club. Alipiga piano nyuma ya Ma Rainey, akajiita Georgia Tom, na 1928 yeye na Tampa Red wakatoa "It's Tight Like That", ngoma ya blues yenye mistari zake ungezima mathe akiingia sitting room. Ilihit vibaya sana. 1932 bibi yake akaaga akizaa, mtoi pia akaaga, na kwa ule uchungu Dorsey akaandika "Take My Hand, Precious Lord", wimbo wenye umebeba watu mazishini dunia mzima. Makanisa mob za Chicago zilikuwa zinamkataa. Walisema hizo chords ni za club. Na kweli zilikuwa za club, hakuwa na zingine! Miaka michache baadaye, 1938, Sister Rosetta Tharpe akachukua gita na nyimbo za kanisa akaingia nazo Cotton Club, New York. Washirika walinuna, na rock mzima ya Wazungu ikajifunza gita kwa huyo dame. Kwa hivyo aunty akisema hiyo beat imetoka club, mwambie ndio, aunty. Na hata hiyo unapenda ilitoka huko.

Halafu kuna gospel industry yenyewe. Ile wazae walibariki bila kuangalia ndani, juu ilikuwa na jina la Yesu kwa poster.

Wewe kama ulikuwa mtaani unakumbuka. Mwanzo wa miaka ya 2000 Esther Wahome akatoa "Kuna Dawa", na walevi wakaidunda club mpaka asubuhi. Groove Awards ikaanza 2004. Daddy Owen akaleta Kapungala, ikakuja dance ya furi furi, ikakuja "Lingala ya Yesu" ya Pitson, na kwa muda Kanairo gospel ndio ilikuwa trendy kuliko kitu yote. Kuwa gospel ilikuwa na luku yake. Blazer ya kubana. Viatu za ncha kali. Miwani ndani ya nyumba, usiku. Show za shule kila Jumamosi, TV kila Jumapili, Skiza inasoma, corporate wanapiga simu. Msee alikuwa anaweza amua Jumatatu kuwa gospel artist juu ya hesabu ya pesa tu, na Jumapili akahojiwa kuhusu mwito wake. Mi nilikuwa naona hiyo vitu karibu. Kulikuwa na presenters wa gospel wakiitisha kitu kidogo ndio ngoma yako ichezwe. Kulikuwa na mapromota wa gospel wakipotea na pesa ya band, simu imezimwa, status ni vesi ya Zaburi. Msee wa club akikosa kukulipa, at least hakupigii maombi kwanza.

Na bado kulikuwa na watu genuine ndani, tena wengi. Size 8 alikuwa ashaomoka na "Shamba Boy", 2013 akageuka na "Mateke", na hajarudi nyuma. Wahu alikuwa ameshinda Best Female ya MTV Africa 2008, hakuwa anatafuta jina, na 2017 akatoa "Sifa" juu moyo wake ulikuwa umehama. Wengine wakaenda ile njia ingine: Willy Paul mwenye alijulikana na "Sitolia" pamoja na Gloria Muliro, Bahati mwenye alianza mtoi wa children's home akiimbia Mungu kwa ajili ya mamake, wote wakahamia secular. Magazeti yakapiga kelele. Maaunty wakasema walijua tu. Mi roho ya mtu sina macho ya kuona, na nyinyi pia hamna. Lakini naheshimu msee akisema wazi amehama, kuliko msee anabaki na jina la gospel juu linalipa.

Mwenye aliwasoma wote vizuri ni Juliani. Mtoto wa Dandora, ametoka mbogi ya Ukoo Flani, anaokoka, na badala ya kukimbia mtaa anarudi nayo ndani. 2011 album inaitwa "Pulpit Kwa Street". Ukiskia hiyo jina tu unajua msee anaenda wapi. Alirap kuhusu kazi, njaa, siasa, Mungu, yote kwa pumzi moja, na akakataa kuwekwa kwa sanduku ya gospel. Makanisa zingine hazikumwelewa. Mtaa ulimwelewa siku ya kwanza. Mkristo mwenye anafanya muziki, basi. Ka vile jirani yako ni Mkristo mwenye anauza mtumba Gikosh, na hakuna mtu amewahi muuliza kama hizo jeans zimeokoka.

Luku kidogo, juu siwezi maliza bila. Praise team ya siku hizi ni black on black, sneakers white, in-ears. Fiti. Nimekubali. Lakini kuna makanisa bado ziko na satin ya zambarau, matching, inang'aa mpaka camera inaumia, na madame wamelazimishwa kuchangia za kushona kila anniversary. Kila anniversary! Mtu hana kazi, anadaiwa na fundi wa kanisa. Ka yenu iko hapo, ongeeni na mwenyekiti wiki hii. Na nyinyi wa fedora na scarf kwa joto ya Februari mnaimba mkishuka jasho, hiyo pia ni aibu, toeni.

Sawa. Tushacheka wazae. Sasa tuongee yenye iko ngumu, juu singependa mtoi asome hii afikirie industry ni Sunday school na taa za rangi.

Kuna gig unafaa ukatae. Kuna pesa unafaa uache kwa meza. Usikue na mstari, na hiyo industry itakuchorea yake. Mimi yangu naisema. Ad ya betting, hapana. Nimeona watoi wa mtaa wetu wakimaliza fees kwa kale kandege kwa simu, na siwezi weka sauti yangu hapo hata ukiongeza sifuri. Ngoma ya kutukana dame juu amekataa msee, hapana. 2019 "Takataka" ya Alvindo ilikuwa kila mahali, beat tamu, na mistari ni kuita mtu uchafu juu alisema hataki. Hiyo sikungoja serikali iniambie. Serikali yenyewe ilikuwa Ezekiel Mutua wa KFCB, ile board ya filamu, mwenye Wakenya walimbandika Deputy Jesus. Mwaka huo huo alisema "Wamlambez" na "Tetema" ni za club pekee, nchi ikacheka, ngoma zikaendelea kuchezwa birthday za watoto. 2021 msee akaingia MCSK, chama cha kukusanyia hao hao wanamuziki royalty. Kanairo haikosi vituko. Lakini kucheka Mutua hakumaanishi kila kitu iko sawa. Unaweza kataa polisi wa maadili na bado ukuwe na maadili.

Ya kuumiza zaidi ni hii. Mamresh wa hii kazi wanaitishwa mwili. Ndio wapewe role. Ndio ngoma ichezwe. Ndio jina liingie kwa poster. Wamekataa, wakapoteza kazi, wakarudi nyumbani bila fare, na Jumapili wakafika kanisa wakaambiwa shida ni vile wanavaa. Nani atawasimamia? Dame amesimama imara mahali wewe mzee wa kanisa ungeanguka kwa dakika, anakuja kwenu amechoka, na nyinyi mnampa somo ya sketi. Hao ndio wanafaa kuombewa mbele. Hao ndio wanafaa kutafutiwa lawyer na kupigiwa simu usiku kuulizwa wamefika. Kanisa yenye inataka kusaidia watu wa entertainment ianzie hapo.

Nirudi kwa ile story ya mstari. Danieli wa Biblia alifanya kazi ofisi ya Babeli miaka mob. Alikataa chakula ya mfalme na divai, na job hakuacha. Huyo ndiye naangalia. Mi nikicheza club nakunywa maji, napiga set yangu, natunza madame wa backup mpaka wapande cab, naenda keja. Hakuna kitu ya ajabu hapo. Wasee wengi sana wa live bands Kanairo wanaishi hivyo, na hakuna mtu huandika juu yao, juu hakuna skendo ya kuandika.

Sasa pesa. Hapa ndio mnataka kunyamaza, na hapa ndio mi naongea zaidi.

Wanasema pesa ya club ni chafu. Haya. 2017 Ben Githae, msanii wa gospel, aliimba "Tano Tena" ya kampeni ya Jubilee, na hiyo ngoma ilipigwa mpaka kwa shughuli za makanisa. Hakuna aunty aliita hiyo dunia. Miaka nenda rudi wanasiasa wamefika na mabunda, wakapewa mic, wakatukana wenzao madhabahuni, na mhazini akahesabu akitabasamu. Ilibidi Gen Z waingie barabarani Juni 2024, na wakasema OccupyChurch, ndio mapulpit zianze kuona aibu. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akarudisha mamilioni Rais Ruto alikuwa ametoa parokia ya Soweto, na ndani ya hizo kulikuwa na za kwaya. Salute kwa Anyolo. Hiyo ilikuwa uzito. Lakini uliza, wale wengine walisema nini? Mtu anaweza pokea gunia bila kuuliza imetoka wapi, halafu aulize drummer kama thao yake ya Jumamosi ni safi?

Hebu fuata wiki ya huyo drummer. Alhamisi rehearsal, jioni mpaka saa tatu usiku, fare yake. Ijumaa kesha. Jumamosi asubuhi anabeba speaker. Jumapili service tatu, amefika kabla ya ushers, anatoka baada ya mhazini. Analipwa nini? Soda. Mkate. Jirongo ya fare wakikumbuka. Na ile kubwa: "Mungu akubariki." Amebarikiwa mpaka landlord amebadilisha kufuli. Kenya Power haichukui amen, buda. Token ni token.

Halafu juu ya ile stage kuna keyboard ya Nord. Nord mpya ni pesa mob. Kanisa ilifanya harambee, watu wakatoa, wakashangilia, pasi akaipaka mafuta. Msee wa kuipiga hana supper. Halafu anniversary inafika, wanaita msanii mkubwa wa nje, na yeye analipwa, depo mbele, hoteli, gari ya kumchukua, na band ya nyumbani inamchezea bure, juu yao ni huduma. Kwa hivyo pesa iko. Mkataba mnajua kuandika. Mmeamua tu mtoto wa nyumba ndiye wa kuminywa.

Na msiniletee story ya Walawi, eti walihudumu bure, bila kusoma mpaka mwisho. Daudi aliweka waimbaji 288 wamefunzwa kazi, na walikuwa na sehemu yao. Fungua Nehemia 13. Nehemia anarudi Yerusalemu, anapata hekalu limepoa, hakuna waimbaji. Wameenda wapi? Wamerudi mashambani kulima, juu posho yao ilikatwa. Sasa sikiza Nehemia aligombeza nani. Wakubwa! Aliuliza viongozi mbona nyumba ya Mungu imeachwa, akarudisha watu kwa nafasi zao, akaweka wahazini waaminifu wa kugawa. Waimbaji hawakuguswa hata na neno moja. Hakuwaita backsliders. Alijua mtu hawezi imba na njaa, na alijua ni nani alileta hiyo njaa. Mi nimekaa kwa seminar za praise and worship tangu nikiwa na chunusi, na hiyo chapter hakuna mtu amewahi ipreach mbele yangu.

Machi 2020 ndio tuliona wazi. Corona ikafunga club, ikafunga kanisa, siku moja. Band zilinyamaza mji mzima. Wasee waliuza gita. Waliuza pedalboard zenye walikusanya miaka. Kuna waliingia mjengo, na kuna waliingia nduthi wakabeba chakula ya watu. Na bado makanisa zikawaita kuja kushoot live stream, mask juu, paybill ikimulika kwa screen wakati wote wa service, na wakimaliza: Mungu akubariki. Wengine wetu tulipigiwa simu wakati huo na wasee wa club, wale wanaitwa wa dunia, wakiuliza kama tumekula. Hiyo mi sitasahau, na nataka mapasta waiskie bila kukasirika.

Kuna makanisa zinafanya poa, na ni haki kusema. Band iko kwa payroll, ama kuna rate ya kila Jumapili, inaingia M-Pesa kabla ya lunch. Huko huoni drummer mpya kila mwezi. Huko msee akipata gig ya usiku anaambia pasi mwenyewe, pasi anamwombea afike salama, na kama hiyo gig iko na shida wanaongea ka watu wazima. Wasee hawajifichi. Ukitaka kujua kama mtu anaangamia, ni rahisi zaidi akiwa anaweza kukuambia alikuwa wapi jana.

Kwa hivyo pasi, ukisoma hii, na najua mtoi wako amekuforwardia: wiki hii kaa chini na band yako. Uliza kila mtu anaishi na nini. Weka rate, hata ndogo, andika, tuma kabla ya service ya pili. Ukishindwa kulipa, basi wachana na mahali anacheza Jumamosi.

Na wewe msee wa keys, mresh wa backup, DJ, actor, MC, wewe mwenye uliacha kwenda juu ya macho ya maaunty: rudi Jumapili hii. Kama umetoka gig saa kumi, lala kidogo, oga, kuja service ya pili. Hiyo nyumba ni yako pia. Kaa mbele.